Majina Mabaya ya Gari la Baba

Mwezi uliopita nilinunua gari. Si jipya, lilishatembea sana huko lilikotoka kabla ya kuletwa kwetu, lakini linang'aa, milango yake yote minne inafunguka kwa ndani na kwa nje, na ukilizima linazimika. Nilipolifikisha nyumbani Komarock, majirani walitoka wakalizunguka. Mama Shiru wa mlango wa pili akapapasa boneti kama anayepapasa kitambaa dukani, akasema, "Mama Idi, umeomoka! Gari safi!" Nami kabla sijajua nasema nini nikamjibu, "Safi wapi? Mkweche tu huu." Nilisema kwa ukali kidogo, hata Mama Shiru akaondoa mkono.

Mwanangu Idi ana miaka kumi na minne na haachi neno lipite. "Mum, mkweche ni nini?" akauliza. Nikamwambia ni gari bovu. "Na hii si mbovu," akasema, mbele ya watu. Nikamwambia anyamaze. Kisha nikaingia ndani, nikajifanya natafuta glasi za kuwapa watu soda, nikasimama jikoni mwanamke mzima nikitokwa na machozi. Nilikuwa sijalitamka neno lile kwa miaka mingi sana. Lilitoka kinywani mwangu kwa sauti ya baba yangu, na baba yangu tumemzika mwaka huu huu.

Vijana wa leo wana maneno yao ya gari lililochoka, na kwa vile yanabadilika kila muhula sijisumbui kuyafuata. Sisi tulikuwa na yetu. Tulikuwa na mkweche, mkebe, debe na skrepa. Mtu ambaye hakukulia Eastlands ya Nairobi enzi zile atadhani ni kitu kimoja chenye majina manne, lakini sisi tulijua kuyatofautisha. Mkweche ni gari linalolalamika njia nzima lakini linafika. Mkebe ni gari ambalo bati lake limekonda mpaka ukiliegemea linabonyea, ukiondoka linarudi mahali pake kwa mshindo. Debe lina kelele nyingi kuliko mwendo. Skrepa lilikuwa tusi. Skrepa ni gari lililokwisha kabisa, linalomsubiri mtu wa mkokoteni aje na mizani yake. Ukiliita gari la mtu skrepa naye akusikie, basi ulikuwa umetoka nyumbani kutafuta ugomvi.

Gari la baba yangu liliitwa yote manne, mara nyingine kabla ya saa nne asubuhi. Lilikuwa refu la nyuma, rangi ya chai iliyozidishiwa maziwa, na Baba alilitumia kubebea magunia ya dengu, mchele na viungo hadi kibandani kwake sokoni. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa mpira uliokatwa kutoka tairi ya baiskeli. Chini ya miguu ya abiria wa mbele palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na Baba alikuwa ameliziba kwa ubao, lakini ubao ukisogea uliona lami ikikimbia. Kiti cha nyuma kilikuwa kimepasuka, na katika ule mpasuko bizari na jira zilikuwa zimejipenyeza, zikachanganyika na petroli na jua. Hata leo nikifungua mkebe wa bizari jikoni, kwa muda mfupi naweza kusikia kiti kile kikininata mapajani.

Asubuhi Baba alilipiga teke tairi akasema, "Haya mkweche, amka." Fundi Kamau, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu, ambaye ndiye aliyelitibu gari hilo miaka yote, alikuwa akipita na sanduku lake la spana anasema, "Baba Zena, hii mkebe yako bado inatembea? Hii itatuzika sisi wote." Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akiishi nasi, aliliita debe bovu. Watoto wa mtaani waliliita skrepa, kwa kuwa watoto hawana adabu. Mama peke yake hakuliita kitu. Alisema tu "hilo hapo nje".

Nami nilikuwa na miaka minane, na nililionea huruma. Niliamini kabisa kwamba nyumbani kwetu gari lilikuwa linachukiwa. Nilifikiri, hivi linafanya kazi kutoka alfajiri, linabeba magunia ambayo punda angekataa, na shukrani yake ni mateke na matusi. Mara kadhaa, wakati hakuna anayenitazama, nililipitishia mkono juu ya taa ya mbele nikaliomba msamaha kwa niaba ya familia. Sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo.

Basi siku moja, nadhani ilikuwa Jumatano kwa sababu nilikuwa nimetoka madrasa, nilikuwa mferejini na ndoo yangu kwenye foleni. Mfereji wetu ulikuwa mmoja kwa nyumba nyingi, na foleni yake ndiyo ilikuwa redio yetu. Njoki, binti wa Fundi Kamau, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki yangu mkubwa na mchokozi wangu mkubwa, akaanza kulidhihaki gari la Baba.

"Zena, buda yako ile dinga aliinunua ama aliiokota?"

Wasichana wakacheka.

"Hiyo si dinga," akasema mwingine. "Hiyo ni skrepa. Ikikohoa hata kuku wa mtaa mzima wanaamka."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nilizaliwa nazo. Nikaweka ndoo chini. Nikasimama juu ya ule ukuta mdogo wa saruji ili nisikike, nikasema kwa sauti ambayo nina hakika ilifika barabarani: "Gari letu ni zuri! Ni zuri kuliko gari lolote hapa! Halijawahi kutuacha njiani hata siku moja, na halitatuacha!" Nikarudia, maana nilijisikia vizuri. "Halitatuacha kamwe!"

Niligeuka nikamwona Bibi amesimama nyuma yangu na kanga zake mbili, mkono wake umefunika mdomo. Hakunipiga. Alinishika sikio, si kwa nguvu, akaniongoza mpaka ndani na ndoo ikabaki huko huko.

"Unataka kulitia jicho?" akaniuliza. "Nani amekufundisha kukisifu kitu chako mbele za watu, tena bila hata kumtaja Mungu?"

Hapo ndipo aliponieleza. Kitu unachokipenda hukiachi wazi, alisema, unakifunika. Ukikiita kizuri, kuna jicho litakisikia. Ukikiita kibovu, jicho linapita zake. Wewe unafikiri babako analichukia lile gari? Anakula kwa lile gari. Analipenda mpaka analitukana asubuhi, mchana na jioni. Na wewe, je, umewahi kusikia mtu yeyote katika nyumba hii akikuita mzuri? Nikafikiri, nikaona kweli, sijawahi kusikia. Bibi aliniita "kibaya changu" tangu nizaliwe, na wageni waliposema nimekua alikuwa akisema, "Kukua wapi, mfupi kama kinu."

"Sasa nitafanya nini, Bibi?" nikauliza.

"Umeshasema, basi," akasema Bibi. Akachukua kanga yake akaenda kuleta ndoo.

Sidhani kama alikumbuka maneno hayo hata saa moja baadaye. Mimi niliyakumbuka kila nilipolala na kila nilipoamka. Umeshasema, basi. Alhamisi gari liliwaka. Ijumaa liliwaka pia, likampeleka Baba msikitini na kumrudisha. Nikaanza kupumua.

Mama alikuwa mjamzito. Ilikuwa karibu mno wakati wake, na nyumbani hatukuzungumza juu ya mtoto, kwa sababu ile ile. Nguo za mtoto zilikuwa zimefungwa ndani ya mfuko chini ya kitanda na kila mtu alijifanya haujui ule mfuko. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Mama aliinuka kuosha sahani akashika ukingo wa meza akasema, "Baba Zena." Jina tu, si zaidi. Baba akainuka na ufunguo mkononi.

Nakumbuka Fundi Kamau alitoka mlangoni kwake na mikono iliyojaa grisi. Mdogo wake alikuwa amekuja kumtembelea siku hiyo na alikuwa ameegesha gari lake mbele ya nyumba, gari zima, la kuwaka kwa ufunguo bila mateke. Fundi akamvuta Baba pembeni wakasemezana. Fundi alikuwa anaonyesha lile gari la mdogo wake. Baba akatikisa kichwa. Fundi akasema tena. Baba akasema, sasa kwa sauti niliyoisikia, "Hapana, bwana. Hili litatufikisha." Akacheka kidogo. Nami niliyatambua, kwa sababu yalikuwa karibu sawa na maneno yangu ya mferejini, naye hakujua.

Nilipanda kiti cha mbele, na katika ile haraka hakuna aliyekumbuka kunishusha. Mama na Bibi walikaa nyuma. Gari likawaka mara ya kwanza. Tulitoka mtaani, tukaingia Jogoo Road, na kwa muda kila kitu kilikuwa sawa, Bibi anasoma dua chini chini, Mama anapumua kwa pua. Nilikaza miguu juu ya ule ubao usisogee. Halafu nikaona moshi mweupe ukichungulia kutoka kwenye boneti. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameuona. Hakusimama. Aliendelea, na jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye kofia mpaka shingoni, mpaka chini kukasikika mlio kama wa mtu anayevuta meza ya chuma juu ya saruji, na gari likajizimia lenyewe na kuteleza hadi pembeni ya barabara.

Baba alifungua boneti akaungua mkono. Alisimama katikati ya barabara akipungia magari kwa mkono ule ulioungua. Sijui tulikaa pale muda gani. Katika kumbukumbu yangu ni mchana mzima, lakini najua kumbukumbu za mtoto hazina saa. Mama hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa ameushika mkono wa Bibi, na baadaye niliona kucha zake zilivyoacha alama pale.

Gari lililosimama mwishowe lilikuwa la mdogo wake Fundi Kamau. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa ndani naye. Walikuwa wametufuata. Fundi hakusema neno lolote la kukumbusha, wala hakumtazama Baba usoni. Alifungua mlango tu, akawasaidia kumhamisha Mama, akamwambia mdogo wake aendeshe. Baba na Bibi wakaingia. Mimi nikabaki na Fundi pembeni ya barabara, karibu na gari letu ambalo lilikuwa linatoa mvuke.

"Fundi, limekuwa nini?" nikamuuliza.

"Imekufa, mama," akasema. Alikuwa akiwaita wasichana wote wadogo mama. "Injini imeshika. Imekufa kabisa."

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Baba na wanaume wachache wa msikitini walimzika Jumapili asubuhi, na Mama alirudi nyumbani Jumatatu kwa gari la kukodi, akaingia akalala akitazama ukuta. Ule mfuko wa chini ya kitanda ulikuwa umeondolewa na sijui ni nani aliyeuondoa.

Mambo yalikuwa wazi kwangu kabisa. Nilikuwa nimesema halitatuacha, likatuacha. Nililisifu likafa, na lilipokufa likamchukua ndugu yangu. Hakuna mtu aliyenilaumu, na hilo nililichukua kuwa ni kwa sababu hawakujua. Bibi pekee ndiye aliyejua, nami niliamini ananificha kwa huruma. Nilipotaka kumuuliza, nilichukua ndoo nikatoka nje.

Fundi Kamau alilitia gari injini nyingine baada ya muda mrefu. Likarudi kubeba magunia. Lakini Baba hakulitukana tena. Hakulipiga teke, hakuliita mkweche. Akitaka kulitaja alisema "gari" tu, neno kavu namna hiyo, na mimi nikaogopa. Niliona amelitoa kifuniko. Basi nikaichukua kazi hiyo mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya shule nilipita karibu nalo nikalinong'oneza: mkweche we, debe bovu, huna maana. Nililinong'oneza kwa bidii, kama mtu anayesali.

Nikapanua kazi. Niliona kwamba gari haliwezi kuwa peke yake lililo hatarini. Kila nilichokipenda nilianza kukifunika. Nilimwambia Mama chapati zake zina ladha ya sabuni, na zilikuwa chapati ambazo watu wa mlango wa nne walikuwa wakiisubiri harufu yake. Nilimwambia Bibi ananuka kikwapa. Nilimwambia Njoki, ambaye nilikuwa nampenda kama pacha wangu, kwamba ana miguu ya mbuni, na nikaongeza mengine mpaka akaacha kunisubiri tuende shule pamoja. Hapo nililia, lakini nilijiambia angalau yuko hai. Mwalimu alimwandikia Baba barua kwamba nimekuwa na mdomo mchafu. Baba alinichapa kidogo, bila moyo, nami nilimtazama nikamwita moyoni mzee mbaya, kipara, ili asife.

Kisha Mama akapata mimba tena. Safari hii hatukuzungumza kabisa, hata mfuko haukuwepo. Siku ilipofika Baba alimwita Fundi Kamau mwenyewe, akamwomba amwite mdogo wake, na hakugusa ufunguo wa gari letu. Rehema akazaliwa. Akalia, tena kwa hasira, na akaletwa nyumbani amefungwa katika kanga ya Bibi, na nywele nyingi zimemsimama kichwani. Nilimtazama mara moja tu. Alikuwa mzuri kiasi kwamba niligeuza uso upesi. Nikajua kazi niliyo nayo ni kubwa kuliko zote za nyuma.

Siku ya arobaini majirani walijaa. Mikeka ilitandikwa nje, pilau ilikuwa inapakuliwa, mama yake Njoki amekuja na kreti ya soda na sweta aliyoifuma mwenyewe. Mtoto akatolewa nje. Akapita mkono kwa mkono, na wanawake wakaanza. Aki ni mrembo. Tazama macho. Tazama nywele. Kametoa uzuri huu kwa nani? Wengine walisema mashaallah, wengine hawakusema, hawakujua, kwao haikuwa desturi. Kila sifa niliisikia ikimwangukia Rehema kama jiwe. Nilimtazama Bibi nikitegemea atasema debe, atasema kibaya, atasema lolote. Bibi alikuwa anatabasamu tu, amechoka na furaha.

Basi nikapita katikati ya mikeka nikasimama mbele ya mtoto. "Mbaya huyu!" nikasema. "Mtoto mbaya! Mkweche! Mkebe!" Nikaona hayatoshi, maana walikuwa wamemsifu sana. Nikatafuta lile baya kuliko yote. "Skrepa! Huyu ni skrepa!"

Mama alinitazama, na sitasahau namna alivyonitazama. Alimchukua Rehema kutoka kwa mama yake Njoki, akaingia ndani, na tukasikia komeo la chumba likifungwa. Bibi akasema, "Ondoka hapa, Zena. Ondoka mbele ya macho yangu."

Niliondoka. Nilikwenda kwenye gari, nikapanda kiti cha nyuma, nikalala juu ya ule mpasuko na uso wangu ndani ya bizari. Baada ya muda mlango wa mbele ukafunguliwa na Baba akakaa kwenye usukani. Hakugeuka nyuma. Alishika usukani kwa mikono miwili kama vile tunakwenda mahali.

"Mtoto amekukosea nini?" akaniuliza.

"Hajanikosea."

"Mama yako je?"

"Hajanikosea."

"Sasa ni nini, Zena? Niambie. Sikupigi."

Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, nilianza katikati, nikarudi nyuma, nikalia, nikaanza tena. Nilimwambia juu ya mferejini na ukuta wa saruji, nililosema na alilosema Bibi. Nilimwambia kwamba nililiua gari na gari likamuua mtoto wa kwanza, na kwamba sitaki Rehema afe. Nilimwambia nimekuwa nikimtukana yeye pia, kimya kimya, kila siku. Niliuona mgongo wake tu. Mabega yake yalikuwa yamesimama.

Kisha akasema, bado hajageuka, "Ulikuwa unajua gari lilikuwa linavuja maji?"

Nikasema sijui.

"Mimi nilijua. Fundi alinionyesha siku tatu kabla. Alinionyesha rejeta imetoboka wapi, akaniambia nisiende nalo mbali mpaka ailehemu. Na siku ile aliniambia tena. Ulimwona akiniambia? Aliniambia chukua hili la mdogo wangu, liko hapa, lina mafuta. Nikakataa. Unajua kwa nini nilikataa?"

Nikainuka nikakaa.

"Nilitaka mwanangu aje nyumbani kwa gari la babake." Sauti yake ilikatika pale. Alisubiri mpaka ikarudi. "Ni hilo tu. Niliona moshi, nikasema moyoni litafika. Hukuliua wewe. Gari haliuawi na maneno. Nililiua mimi kwa ukaidi wangu, na Fundi anajua, na mama yako anajua. Wewe peke yako ndiye hukujua, na ni kosa langu hukuambiwa."

"Na mtoto?" nikasema.

"Daktari alisema labda hata tungefika mapema asingepona." Akageuka sasa. Macho yake yalikuwa mekundu na sikuwa nimewahi kuyaona hivyo, hata siku ya mazishi. "Alisema labda. Hiyo labda ni yangu, Zena. Nimeibeba mimi na nitakwenda nayo. Wewe usiiguse. Umesikia? Hata nikiwa mzee, usiiguse."

Nikasema nimesikia. Alifungua mlango wa nyuma kwa nje, maana kwa ndani haukufunguka, akanishika mkono, akanirudisha mpaka kwenye mikeka. Watu walikuwa bado wanakula kwa sauti ndogo, ile ya watu wasiojua kama waondoke au wabaki. Baba akagonga dirisha la chumba akamwambia Mama atoke. Mama alitoka na mtoto, uso wake umefungwa.

Baba hakuwa msemaji. Kibandani kwake sokoni wateja walikuwa wakilalamika kwamba lazima umvute neno. Lakini alisimama pale mbele ya majirani wote na mkono wangu ndani ya mkono wake wenye kovu la kuungua, akasema kwa sauti ya juu kuliko yangu ya mferejini:

"Huyu ni mwanangu Zena. Ni mtoto mzuri. Mnanisikia? Ni mzuri wa sura na ana akili, anasoma hata magazeti ninayofungia pilipili. Ana huruma kuliko mtoto yeyote ninayemjua. Na huyu ni Rehema, naye ni mzuri, tazameni. Na mama yao ni mwanamke mzuri, na sijawahi kumwambia."

"Abdalla!" Bibi alikuwa ameinuka, mkono mdomoni. "Abdalla, sema mashaallah!"

"Nitasema nikimaliza, Mama," akasema Baba, na akaendelea. Alinisifu meno. Alinisifu mwandiko. Alisifu chapati za Mama kwa jina, na mtu mmoja akaanza kucheka, halafu Fundi Kamau akapiga makofi kama yuko harusini. Alipoishiwa, akasema mashaallah mara tatu, akamtazama Bibi, akaketi.

Mama alinitazama kwa muda. Nadhani Baba hakuwa amemweleza kitu, hakukuwa na nafasi, lakini aliona uso wangu na alikuwa mama yangu. Akaniambia nikae chini ninyooshe miguu, akaniwekea Rehema mapajani, akanionyesha jinsi ya kushika shingo. Nilikaa naye pale mpaka wageni wote walipoondoka na mikeka ikakunjwa kutoka pande zote isipokuwa ule niliokalia, na hakuna aliyeniambia nimpe mtu mwingine. Nilikuwa namtazama anavyopumua. Nilipoona tumebaki wawili tu, nilimwinamia sikioni nikamwambia ni mzuri. Nikasubiri. Akaendelea kupumua.